Simba Hana Leseni

Jumapili moja mjini Geita, wanaume wanne wa makamo, wachimbaji wa kushuka duarani kwa kamba bila hata kupepesa jicho, walikaa mbele ya runinga wakamlilia simba wa kuchorwa. Wa tano nilikuwa mimi. Mwenye nyumba aliifuta sidii kwa pindo la shati, akaipuliza, akaisukuma kwenye deki: The Lion King ya 1994, ileile tuliyoitazama utotoni banda umiza, tumebanana kama dagaa. Mufasa alipoanguka, mmoja wetu akasingizia vumbi la karasha. Karasha lenyewe lilikuwa limezimwa tangu Ijumaa.

Toleo la 2019 hatulitaki. Simba wake ni wa kweli mno, hata kulia hawajui.

Binti wa mwenye nyumba, yuko darasa la tano, akauliza: “Baba, huyu nguruwe mbona wamemwita Pumbaa?” Kimya. Miaka yote hiyo tumeshangilia, wala hakuna aliyejiuliza.

“Si nguruwe, mama, ni ngiri,” baba mtu akakwepa.

Ikaja “hakuna matata”. Maneno hayo Disney waliyasajili Marekani mwaka 2003 kuwa alama yao ya biashara kwenye mavazi. Huku kwetu ukikutwa na sururu bila leseni, mbio zako ndizo salama yako. Wao wamechimba Kiswahili mchana kweupe, dhahabu wakabeba, sisi tukaletewa sidii. Yaani magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi. Nasi, kama ilivyo ada ya Geita, magwangala tunayagombania: shemeji ameshaomba aazimwe hadi Jumatano, nikamwambia kuna foleni.