Sifa za Mbwa wa Amana

Ibn al-Marzuban, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima kuonyesha ubora wa mbwa juu ya wengi miongoni mwa wavaao nguo, na mnyama huyo hajakosa sifa kwingineko: yupo mbwa wa Watu wa Pangoni, anayetajwa katika Sura ya al-Kahf akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini, na yupo Argos, mbwa wa Odysseus katika utenzi wa Homer, aliyemtambua bwana wake baada ya miaka 20 na kufa papo hapo. Mbwa hao, hata hivyo, walisifiwa kwa uaminifu wao kwa wenyewe. Aliyesahauliwa ni mbwa wa amana, yaani yule ambaye mwenyewe amesafiri na kumwacha kwa ndugu, katika nyumba yenye watoto, kuku na uwanja mdogo. Dar es Salaam mbwa wa aina hii huadimika mwaka mzima, kisha huongezeka ghafla katikati ya Desemba, pale familia za Mbezi Beach zenye asili ya Kilimanjaro zinapofunga safari ya kwenda Moshi kula Krismasi na kukumbuka, usiku wa kuamkia safari, kwamba zina shemeji Kinyerezi.

Sifa iliyo kuu ya mbwa huyu ni ulinzi. Wasiotafakari hudhani kwamba mlinzi bora ni yule anayemzuia mwizi, ilhali mwizi, katika mtaa wenye majirani macho, huenda asifike mwaka mzima, na mlinzi wa namna hiyo hukaa bure akila. Mbwa wa amana ameuona upungufu huo na kuurekebisha, kwa kuwa yeye huilinda nyumba dhidi ya wakazi wake. Mwenye nyumba anaporudi kazini saa mbili usiku hukuta getini kwake mnyama anayenguruma, manyoya ya mgongo yamesimama, akalazimika kupiga simu ndani ili aombewe njia na mtoto wa miaka minane, ambaye ndiye pekee aliyekwisha kukubaliwa. Ukiuchunguza kwa haki, msimamo wa mbwa hauna kosa. Wataalamu wa wanyama hueleza kwamba pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu, yaani chembe zinazonasa harufu, ambavyo hufikia mamia ya mamilioni, wakati vya binadamu ni milioni chache tu. Naye kwa pua hiyo ameipekua nyumba nzima pasipo kumkuta hata mtu mmoja anayenukia Mbezi Beach. Kwa ushahidi alio nao, basi, nyumba imevamiwa, na wavamizi wamo sebuleni wakitazama taarifa ya habari. Na kwa kuwa wakazi huingia na kutoka mara nyingi kwa siku, kazi anayoifanya kati ya asubuhi na jioni inazidi ile ambayo mlinzi wa kawaida angeifanya maisha yake yote. Wageni wasiojulikana, kama vile msoma mita za maji, yeye huwapokea kwa kutikisa mkia na kuwasindikiza hadi mlango wa jikoni.

Sifa nyingine zinatosha kutajwa kwa kupita. Hupunguza viatu hadi kila jozi ikabaki na kimoja, jambo linalofundisha kiasi. Humaliza ubishi kuhusu kuku yupi achinjwe Krismasi. Hulima bustani ya mchicha kwa kina ambacho jembe halijawahi kufika. Na huamsha mtaa saa tisa usiku bila ubaguzi wa dini wala kabila.

Tena huja na elimu, nayo ni karatasi ya maelekezo, kurasa mbili zilizopigwa chapa. Asipewe vitunguu. Asipewe chokoleti, kwa sababu theobromini, kemikali iliyomo katika kakao, humdhuru mbwa. Asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Nyama yake ichemshwe bila chumvi. Maji ya kumwogeshea yawe vuguvugu. Yote ni sahihi, na familia iliyozoea ugali na dagaa huyasoma kwa makini na kujifunza kwamba chokoleti ni kitu ambacho mtu huweza kukatazwa.

Kisichokuwamo katika karatasi hiyo ni tarehe ya chanjo, na hapa sifa zinapaswa kusimama kidogo. Kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaoingia mwilini kwa mate ya mnyama aliyeambukizwa, hasa anapong'ata, huua karibu kila binadamu ambaye dalili zake zimekwisha kujitokeza, na Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Kinga ipo tangu Julai 1885, mtoto Joseph Meister alipopewa chanjo ya Louis Pasteur. Mtu anayekumbuka kuandika joto la maji ya kuogea, kisha akiulizwa chanjo akajibu kwa simu kwamba labda alichomwa, aulizwe shamba boi, ambaye naye amekwenda kwao Singida, hajasahau kitu. Amepima tu ni watoto wa nani watakaolala nyumba moja na huyo mbwa.

Yafaa pia kuuliza ni nani hasa anayemtunza. Shemeji aliyeitikia simu huwa kazini, na mkewe vilevile. Anayechemsha nyama isiyo na chumvi na kuzoa kinyesi ni dada wa kazi, ambaye Amri ya Mshahara ya mwaka 2022, kwa anayeishi nyumbani kwa mwajiri asiye mwanadiplomasia, mfanyabiashara mkubwa wala afisa mwenye stahili, iliwekea kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye udadisi anaweza kulinganisha kiasi hicho na bei ya mfuko mkubwa wa chakula cha mbwa kilichoagizwa kutoka nje, mradi asiisome bei hiyo kwa sauti dada akiwa karibu.

Wala hakuna anayekataa. Ombi hutoka kwa aliyechangia ada ya shule mwaka juzi, na mbwa ndiye riba ya mkopo ambao haukuandikwa popote; ndiyo maana haijapata kusikika kwamba familia ya Kinyerezi iliyokwenda msibani iliacha kuku wake Mbezi Beach. Katika sheria ya Kiislamu, aliyewekewa amana hadaiwi hasara ila akizembea. Sheria ya mwenye mbwa ni kali zaidi: katikati ya Januari hurudi na mkungu wa ndizi, akamzunguka mbwa mara mbili, akauliza, "Mbona amekonda?" Habari za kuku haziulizwi, wala za dada.

Karatasi ile huweza kuwa imesahau pia kwamba mbwa ni jike, tena alikuwa katika joto. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, hivyo mwanzoni mwa Machi huzaliwa Mbezi Beach watoto sita wenye masikio ya mbwa koko wa Kinyerezi, na simu ikapigwa kutaka maelezo, kana kwamba shemeji ndiye mhusika. Pasaka inapofika na safari ya Moshi kuwadia tena, mama na wanawe wote hupakiwa garini na kuletwa, safari hii bila hata kuomba, kwa hoja kwamba Kinyerezi ndiko kwa baba yao.