Sifa za Mheshimiwa Zinki
Mashine mpya ya boti inapotolewa kwenye kasha lake, sifa zote huchukuliwa na wakubwa. Watu huuliza ina nguvu za farasi ngapi, hupapasa propela, hubishana kama mguu wake ni mfupi wa sentimita 38 au mrefu wa sentimita 51, kisha huinama kutazama kama lile bapa lililo juu ya propela limekaa usawa na sehemu ya chini ya boti. Hakuna anayeulizia kipande kidogo cha metali ya kijivu kilichofungwa kwa bolti chini ya bapa hilohilo. Mafundi hukiita zinki, hata pale kilipotengenezwa kwa alumini au magnesiamu. Hakisukumi boti, hakipoozi injini, wala hakina mlio. Kazi yake ni moja tu: kuliwa. Dai langu ni kwamba hakuna kiungo cha boti kinachokizidi kwa utukufu, na kwamba kuanzia leo kinastahili kuitwa Mheshimiwa, ingawa waheshimiwa tuliowazoea hujulikana zaidi kwa kula.

Ushahidi wa kwanza unatolewa na maji yenyewe. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, hasa ya chumvi, hugeuka betri: umeme mdogo hupita kati yake, na ile iliyo nyepesi kuliwa huyeyuka taratibu huku nyingine ikisalimika. Boti ndogo ya alumini, kama zile zilizojaa katika maziwa ya Minnesota na Ontario, imesheheni betri za namna hiyo. Bodi ni alumini na mguu wa mashine ni alumini, lakini shafti ya propela ni chuma cha pua, na bolti zinazoibana mashine kwenye tezi aghalabu ni chuma cha pua pia. Katika ugomvi huo chuma cha pua ni mbabe na alumini ndiyo huumia. Zinki ni dhaifu kuliko zote mbili, na udhaifu huo ndio cheo chake: akiwapo, maji huanza na yeye. Huku kwetu boti nyingi ni za mbao au faiba, lakini mguu wa mashine ni alumini vilevile, kwa hiyo Mheshimiwa ana wapiga kura Bagamoyo na Lamu kama alivyo nao ng'ambo.

Tazama pia alivyo mnyofu. Viongozi wengi hutoa taarifa ndefu za kazi zao. Yeye taarifa yake ni mwili wake. Zinki iliyochimbika mashimo, yenye unga mweupe na kingo zilizolika, imefanya kazi. Zinki iliyokaa baharini msimu mzima na kubaki laini kama ilivyotoka dukani haifai kushangiliwa: ama bolti yake imelegea, ama kuna rangi au uchafu kati yake na metali anayopaswa kuilinda. Ndiyo maana mwenye boti anayempaka rangi ili afanane na mashine humwachisha kazi bila kujua. Mheshimiwa huyu hutaka metali tupu iguse metali tupu, na uso wake uwe wazi majini.

Watakuwapo wa kusema kwamba haokoi kila kitu. Ni kweli, na ni heshima kwake kwamba mipaka yake inajulikana. Sarafu ya shaba ikidondoka ndani ya boti ya alumini na kulala kwenye ngama, huweza kuitoboa bodi kutokea ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Ubao mpya wa tezi uliotiwa dawa yenye shaba ili usiliwe na wadudu nao huila alumini inayougusa, na rangi ya shaba ya kuzuia magugu ni balaa kwa bodi hiyo. Hapo Mheshimiwa hana la kufanya, maana jimbo lake ni mle tu anamofikiwa na maji yaleyale yanayoigusa metali anayoilinda. Mashine ikiinuliwa juu ya maji, zinki ya mguuni huwa likizo, na bodi huhitaji zinki yake yenyewe. Lakini kumlaumu mlinzi wa lango kwa mwizi aliyelala ndani ya nyumba ni kumwonea.

Wengine husema katika maziwa hana faida. Hawa wana nusu ya ukweli. Katika maji yasiyo na chumvi, zinki halisi hujifunika gamba na kusinzia, kwa hiyo hapo huwekwa magnesiamu, iliyo nyepesi zaidi kuliwa. Magnesiamu hiyohiyo ikipelekwa baharini humalizika upesi mno. Wenye maji ya chumvi hutumia zinki au alumini iliyochanganywa maalumu. Mbunge hubadilishwa kulingana na jimbo, kiti hakifutwi.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka kwenye historia. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy alilionyesha Jeshi la Majini la Uingereza kwamba vipande vidogo vya zinki au chuma vingeweza kuyakinga mabati ya shaba yaliyofunika merikebu zake, na meli ya Samarang ikawa miongoni mwa zilizofungwa kinga hiyo. Shaba ilisalimika kabisa. Balaa ni kwamba shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyokuwa sumu kwa magugu na viumbe vya baharini. Ilipoacha kuyeyuka, vikaganda kwa raha zao, meli zikawa nzito, na kinga zikaondolewa. Wapinzani hukitaja kisa hiki kwa furaha. Mimi nakisoma kama cheti cha utumishi bora: hapa kuna mtumishi aliyefukuzwa kwa sababu alitimiza alichotumwa, tena kupita matarajio.

Inabaki hoja ya gharama, kwamba ni upuuzi kununua kitu kwa nia ya kukipoteza. Jibu lipo kwenye bei ya mguu mpya wa mashine, na anayetaka kubisha aiulize dukani. Basi, unapofunga mashine mpya, mkague Mheshimiwa kabla boti haijashushwa majini: bolti imekazwa, rangi haipo, aina yake inalingana na maji yako. Akishalika nusu, mstaafishe na umweke mwingine siku hiyohiyo.