Kompyuta ya Chaki

Wanaosema shule za Goma zimeachwa nyuma hawajaingia darasani siku ya somo la kompyuta. Mwalimu huichora ubaoni, kamili: skrini, kibodi, na kipanya chenye mkia unaokaribia mlango. Haina virusi. Haisubiri umeme. Mwizi hana la kufanya nayo. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipotapika Mei 2021, nani alisikia kompyuta ya aina hii imeungua?

Huko Ghana, mwaka 2018, mwalimu Richard Appiah Akoto alichora Microsoft Word ubaoni. Picha ikasambaa duniani, na watu wakamharibia kazi: wakamletea kompyuta za kweli. Sisi, Mungu atulinde, tunajua kutunza sanaa.

Na mwalimu wetu ameandaliwa vyema. Alisomea kompyuta kwenye fotokopi, akafanya mtihani kwa kalamu ya wino, akapewa cheti chenye muhuri. Hata kuogelea tungeweza kufundisha hivyo, tena papa hapa kando ya Ziwa Kivu, tukiwa tumeligeuzia ziwa migongo.

Wapo wachokozi wanaokumbusha kwamba madini ya koltani ya Rubaya, hapo Masisi tu, huishia ndani ya kompyuta na simu za watu wa mbali. Basi mlitaka nini zaidi? Mchango tumeshatoa. Tangu lini mpishi akagombea sahani na wageni?

Mtihani wa vitendo ni Jumatatu. Wazazi, kila mtoto aje na chaki yake. Mwenye ya rangi atakaa mbele.