Ombi la kuipa atestasyo shahada yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa.

Mheshimiwa,

Tunakuandikia kutoka Baraka, ambako saa zetu zimetangulia za Kinshasa kwa saa moja. Hiyo saa moja tumeizoea. Ila kwenye karatasi tumetangulia kwa miaka.

Diploma zetu, tulizozilipia kabla ya kuvaa toga, tunaambiwa bado ziko huko kwenu zinangoja kuthibitishwa. Hatuna haraka. Waliovaa toga wakiwa hawajaoa, sasa wanapeleka watoto darasa la kwanza. Mkononi tuna atestasyo tu, karatasi ya muda, nayo ndiyo tunayoiombea leo: tunaomba ipewe shahada.

Mliketi Lubumbashi Septemba 2021 kuijadili elimu ya juu, kisha mfumo wa LMD ukaenezwa nchi nzima. Kwa hesabu ya mfumo huo, muhula ni krediti 30, na lisanse ni krediti 180. Atestasyo za Fizi zimetimiza. Zimesoma Unyevunyevu, kozi ya vitendo, chini ya godoro msimu wa mvua. Zimesoma Jiografia ya Barabara ya Taifa Namba 5, zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni juu ya pikipiki, zikifunuliwa barieri baada ya barieri mbele ya askari anayeishika karatasi kichwa chini na kuisoma kwa makini. Staji zimefanya katika ofisi za mashirika, kila tangazo la kazi linapobandikwa, hadi fotokopi zikapoteza jina la mwanafunzi na kubaki na doa jeusi lililokuwa muhuri. Utetezi umefanyika mbele ya panya. Wamekata pembe moja tu, kwa hiyo tunapendekeza distenksyo.

Sherehe tutaigharamia wenyewe. Toga isizidi saizi ya A4. Tutaimwagia poda, mama zetu watapiga vigelegele. Kisha diploma ya atestasyo itatumwa Kinshasa kuthibitishwa, na wakati wa kungoja, atestasyo itapewa atestasyo.

Mengine ni madogo. Profesa mgeni asimalize kozi ya saa 45 kwa siku nne. Silabusi iuzwe ikiwa imeshaandikwa. Na dola yenye mpasuko ipokelewe dirishani. Imetoka kwenye shimo la dhahabu Misisi, huko hakuna pasi.

Tunaelewa ugumu wenu. Mwaka 1971 Mobutu aliviweka vyuo vikuu vya nchi vyote ndani ya chuo kikuu kimoja, UNAZA; mwaka 1981 UNAZA ikavunjwa, kila chuo kikashika njia yake. Muhuri, tunadhani, hakuna aliyeuambia.

Zamani tulikuwa tukienda kuulizia diploma Bukavu. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, hata pa kuulizia hatuna.

Mheshimiwa, wako wazee wa Ubwari waliouza mitumbwi ili mabinti wao wasome. Hawakuweka rehani, waliuza. Sasa wanakaa ufukweni wakitengenezea watu wengine nyavu, na mabinti wamemaliza masomo, na kila kazi inayotokea inataka orijino, na anayeipata ni mgeni aliyetoka mahali ambako orijino hufika. Pesa yao mlichukua siku ileile. Msituambie ni ucheleweshaji. Mtu akipokea pesa yako na kitu chako asikupe, kijijini kwetu hupelekwa kwa chifu, na wala haitwi Mheshimiwa.

Tuwie radhi. Tulikuwa tunazungumzia sherehe. Tarehe tunakuachia wewe; sisi tupo.

Wako watiifu,
Wahitimu wa Fizi na Baraka

Kiambatanisho: fotokopi ya fotokopi. Orijino mnayo ninyi.