Cheti cha Marehemu Babu

Nimehitimu stadi za maisha. Nimekula chumvi miaka 50 na ushei, nimelea watoto watatu, nimekaa nyumba moja na mama mkwe bila polisi kuitwa, lakini mahakama ya mji mmoja hapa Texas haikuridhika mpaka nisome kozi ya mtandaoni ya saa 8.

Chanzo ni sendofu ya binti. Singeli ikapigwa, jirani akapiga simu. Sheria ya Texas inasema kelele zikizidi desibeli 85 baada ya askari kukuonya, basi zimevuka mpaka, na faini yake yaweza kufika dola 500. Hapa mtu anaruhusiwa kujibu shtaka kwa kusema "sipingi", nami sikupinga. Hakimu akaahirisha hukumu: soma kozi, leta ushahidi kabla ya tarehe hii, kesi ifutwe.

Kila ukurasa wa kozi una saa yake. Ukiwahi kumaliza kusoma, unakaa unaitumbulia macho aya ile ile mpaka muda uishe. Mara linachomoza swali la kuhakikisha kwamba ni wewe kweli: gari lako la kwanza lilikuwa rangi gani? Mimi gari langu la kwanza lilikuwa baiskeli.

Kisha mtihani. Jirani yako anapiga muziki kwa sauti kubwa usiku, utafanya nini? Jibu sahihi: vuta pumzi, nenda ukazungumze naye kwa utulivu. Nikapata alama zote. Aliyestahili kuulizwa swali lile alikuwa ng'ambo ya uzio, amelala.

Nilitaraji kompyuta yao iiarifu kompyuta ya mahakama. Wapi! Cheti unatumiwa wewe, ukapeleke mwenyewe. Texas ina kaunti 254, achilia mbali mahakama za miji, na kila mahakama na taratibu zake: hii barua pepe, ile posta, yangu dirishani, tena saa za kazi, yaani saa zile zile ambazo na mimi niko kazini.

Karani akalinganisha cheti na faili. "Hawa ni watu wawili."

Fomu ya kozi ilikuwa na visanduku viwili vya jina. Nikajaza langu na la baba, kama mtu yeyote mwenye wazazi. Faili la mahakama limefuata leseni: langu, la baba, la babu. Na Wamarekani humwita mtu kwa jina la mwisho. Kwa hiyo siku zote hizi aliyekuwa akiitwa mbele ya hakimu kwa kosa la singeli ni mzee aliyezikwa Pangani kabla sijamaliza shule ya msingi, mtu ambaye hata redio aliisikiliza kwa kuibana sikioni ili asiwasumbue kuku.

Kampuni ikarekebisha jina, kwa malipo. Nikarudi dirishani.

"Hii ni nakala. Cheti halisi kiko wapi?"

"Binti yangu, hiki ni cha mtandaoni. Kilicho halisi kimo humu kwenye simu."

Akaitazama simu kwa huruma. Akashauriana na mwenzake, mwenzake akashauriana na mwingine, hatimaye muhuri ukagongwa. Nikaomba nakala yenye muhuri, maana nawajua. Nikalipia na hiyo.

"Barua ya kufuta kesi itatumwa kwa posta, kwa jina lililo kwenye faili," akasema. "Mlengwa awepo kuipokea."

Nikamwambia babu hatoki siku hizi, nitampokelea.