Utepe Mwekundu wa Butimba

Wanyama wa Butimba walikuwa na sheria moja ambayo hata Fisi aliielewa: mtumbwi hauingii ziwani bila utepe mwekundu kufungwa mbele. Utepe uliuzwa kwenye ghala kwa debe moja la dagaa wakavu kwa mwaka. Debe lile halikuwa la kumfaa mwenye mtumbwi. Akimgonga mwenzake, akamvunjia chombo au mbavu, ghala lilimlipa aliyegongwa. Mgongaji alibaki kuziba matundu yake mwenyewe. Aliyetaka na matundu yake yazibwe alitoa madebe matatu, akapewa utepe wenye pindo, na hao walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mguu mmoja wa mbuni. Binadamu wa Mkuyuni na Nyegezi nao wana mambo hayo hayo, wanayaita bima ndogo na bima kubwa, na sheria yao inawabana kwenye ile ndogo, inayomlinda mtu wa tatu.

Hapo mwanzo ghala lilikuwa moja tu, la Kiboko. Kati ya sado tano zinazojaza debe, nusu sado alipewa wakala aliyemleta mteja, nusu nyingine ikaenda kwa karani na mlinzi, nne zikalala ghalani kuwasubiri watakaogongwa. Baadaye baraza likaamua kwamba ghala moja ni uchoyo, anayetaka afungue lake. (Tanzania Bara nayo ilipitia njia hiyo: Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake sokoni tangu 1967 mpaka sheria ya 1996 ilipowafungulia wengine mlango.) Mamba akafungua. Halafu akaja Sangara, yule mgeni aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na ambaye tangu siku hiyo hajasema ameshiba. Ghala lake alilichimba chini ya maji. Hakuna aliyeuliza dagaa wakavu wanahifadhiwaje chini ya maji.

Kobe, msimamizi wa maghala, alikuwa ameliona tatizo mapema, kwa kadiri ya mwendo wake. Aliogopa maghala yatashindana kushusha bei, wenye maghala wafilisike, na aliyegongwa aambulie pole. Kwa hiyo akapiga marufuku utepe kuuzwa chini ya debe. Kila debe lilipimwa mlango wa mbele, likajaa mpaka dagaa wanamwagika, Kobe akagonga muhuri na kuingiza kichwa chake ndani. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima nayo huweka kiwango cha chini kwa magari. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi kwa miaka mingi ilikuwa Sh118,000 pamoja na VAT, uiendee ofisi yoyote unayoitaka.

Sasa bei ni moja, utepe ni mmoja, wekundu ni ule ule. Mwenye ghala amvute mteja kwa lipi? Angeweza kusema, kwangu aliyegongwa analipwa kesho yake. Lakini mteja siye atakayegongwa. Mteja ndiye atakayegonga. Yeye utepe anaununulia Kulasitara, anayesimama kwa mguu mmoja pale mwaloni akikagua mitumbwi, na Kulasitara huangalia rangi tu. Basi ushindani ukahamia mlango wa nyuma.

Tumbili alikuwa wakala tangu enzi za Kiboko, akaishi miaka yote kwa nusu sado yake. Maghala yalipokuwa matatu, Mamba akamwita pembeni akampa sado nzima. Kiboko akaguna, akafikisha moja na nusu. Sangara akatoa kichwa majini akasema mbili. Tumbili akajiita winga, akahamishia kiti chake Kona ya Butimba, akagundua hesabu ambayo haikuhitaji shule: katika sado mbili, ukimrudishia mteja moja, mteja huyo hatakwenda kwa mwingine maisha yake yote.

Siku moja Fisi alifika asubuhi, injini ya mtumbwi ameibeba begani.

“Mwangaluka, bosi wangu!” Tumbili akaruka kutoka kitini. “Utepe umekwisha lini?”

“Juzi. Kulasitara ameshanitazama mara mbili.”

“Unataka wa ghala gani?”

“Lolote. Kinarudi ngapi?”

“Kwa Kiboko, nusu. Kwa Mamba, nusu na konzi. Ila wewe ni mtu wangu. Kwa Sangara, sado nzima, unaondoka nayo sasa hivi.”

“Na Sangara analipaga?”

Tumbili alimtazama kwa huruma ya kweli. “Bosi, kwani wewe ndiye utakayelipwa?”

Fisi alicheka mpaka injini ikataka kumdondoka. Tumbili alimimina sado ile kwenye mfuko wa rambo, akaugonga chini mara mbili ili dagaa washuke, akaongezea wachache juu kwa kiganja. Fisi aliwatafuna kabla hajafika lango la Chuo cha Ualimu.

Juu ya mwembe wa pale kona kulikuwa na Kunguru. Huyu hakuuza utepe, hakujua hata ghala la Sangara liko upande gani wa Luchelele. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele kila alfajiri akiyataja maghala yote matatu kwa ubora, la kwanza, la pili na la tatu, na wanyama wakamsifu kwamba hana upendeleo maana hana ghala. Mteja akifika kwa winga akasema “nimemsikia Kunguru,” kama Fisi naye alivyosema, sado moja ya debe lake ilipanda mwembeni. Lililotajwa la kwanza lilikuwa daima ghala lililotangulia kulipa mwembe. Sungura hayumo katika hekaya hii. Alialikwa, akasema biashara hiyo ina ujanja uliomzidi.

Fisi alimgonga Mama Pimbi jioni moja ya upepo. Mama Pimbi hakuwa na mtumbwi, wala hakuwahi kuutamani. Alikuwa nchi kavu, anageuza dagaa wake kwenye kichanja, mtumbwi ulipopanda mchanga kwa kasi, ukasomba kichanja, dagaa na mguu wake wa nyuma wa kulia.

Fisi aliuonyesha utepe. “Mayu, pole sana, lakini mimi niko sawa kisheria.” Kulasitara akaukagua, akakubali kwamba ni mwekundu. Tumbili akasema yeye winga tu, mzigo una wenyewe. Kunguru akasema yeye alilia tu, hata jogoo hulia. Kwa Sangara Mama Pimbi alimkuta karani, Kamongo, amejilaza ukingoni.

“Dagaa wako chini, Mayu. Shuka uchukue.”

“Mwanangu, pimbi hapigi mbizi.”

“Basi lete barua ya aliyekugonga, ya aliyeona na ya anayeuguza mguu. Njoo wiki ijayo.” Wiki ijayo ilikuwa kiangazi, na kamongo akiona maji yanapungua huingia kwenye tope akalala miezi.

Baraza likakutana kwenye miamba. Gereza la Butimba liko pale pale jirani, ila hakuna aliyelitaja. Bundi, aliyepata elimu yake kwa kutega sikio kwenye madirisha ya Chuo, aliombwa apige hesabu ya debe la Fisi. Sado moja mwembeni. Mbili kwa Tumbili. Moja kwa Sangara, aliyoiita ya uendeshaji. Moja ghalani. Hasara ya Mama Pimbi ni madebe mawili, yaani sado kumi. Enzi za Kiboko mitumbwi mitatu ingemlipa na sado mbili zikabaki. Sasa inahitajika kumi.

“Hizo mbili za Tumbili,” Mama Pimbi akauliza, “zote alikula yeye?”

“Moja alimrudishia Fisi.”

“Kumbe. Mgongaji alipewa sado kwenye kifuko cha wagongwa.”

“Ni punguzo langu!” Fisi akasimama. “Tulikubaliana!”

“Mlikubaliana wangapi?”

“Mimi na Tumbili.”

“Na mwenye mguu?”

Fisi akasema mwenye mguu hakuwepo pale kona siku ile, na wenye mitumbwi wengi wakaona jibu lile lina mantiki.

Kobe aliamua mambo mawili. Sangara alipe sado kumi bila kuchelewa, kupitia kwa karani wake. Na kwa kuwa ghala limepungua, bei ya utepe ipande, iwe debe na sado. Baraza likalipuka. Wenye mitumbwi walipiga kelele kwamba wanakamuliwa kwa sababu ya mguu wa pimbi mmoja, na Kiboko, ambaye hakuwa na deni na mtu, ndiye aliyezomewa zaidi kwa ukubwa wake. Kelele hazijatulia, Tumbili ameshapanda jiwe la juu: “Jamani, msihangaike! Sado iliyoongezwa, kwangu inarudi yote!” Foleni ilianzia pale pale barazani, Fisi wa kwanza.

Alipomaliza kuwahudumia akamfuata Mama Pimbi, sauti ya chini, ya mtu wa karibu. “Mayu, kwa mguu huo utamfikia lini Kamongo? Mimi najua alikolala. Nitume. Nikikuletea sado kumi, unanikatia tatu.”

Mama Pimbi aligeuka taratibu akamwonyesha mgongo, mpaka chini kabisa, pale wanyama wengine wanapoanzia mkia.

“Siku mikia inagawiwa,” akasema, “babu yetu aliona mvua, akamtuma mtu amchukulie wake.”

Akaenda kwa jirani kuazima jembe. Tumbili alimfuata mpaka kwenye tope la Luchelele akishusha bei, mbili, moja na nusu, moja, na alipofika nusu sado Mama Pimbi alikuwa ameshachimba mpaka magotini.