Kilo Zilizobaki

Ratiba ya safari yetu ya Istanbul aliiandaa Baba Watoto mwenyewe kwenye kompyuta, kwa rangi tatu: nyekundu kwa majengo ya lazima, njano kwa yale ya tukipata nafasi, kijani kwa chakula. Alikuwa amesoma. Tukiwa bado Tabata alitueleza kwamba Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikaja kuwa msikiti, mwaka 1935 ikafunguliwa kama makumbusho, na 2020 ikarudi kuwa msikiti. Mama mkwe, aliyepanda basi kutoka Tanga kwa ajili ya safari hii, alisikiliza yote kwa heshima, kisha akauliza kama huko kuna nazi.

Makoti tulinunua mtumba pale Karume, maana Desemba ya Istanbul ni baridi ya kweli, si ile ya Lushoto. La Baba Watoto lilikuwa zito, zuri, lenye mistari inayong'aa. Siku ya kwanza kwenye tramu, mzee mmoja Mjerumani akamweleza kwa upole kwamba amevaa sare ya zimamoto.

Asubuhi yake hotelini kitindamimba aliona bakuli limejaa zambarau. Nyeusi, nono, zinang'aa. Akatia nne mdomoni kwa mpigo kabla kaka yake hajamwahi. Zilikuwa zeituni za chumvi, ambazo Waturuki hula asubuhi pamoja na jibini, matango na nyanya. Tangu hapo mtoto hakula kitu Uturuki bila kukigusa kwanza kwa ncha ya ulimi, hata maji.

Siku ya Hagia Sophia ilikuwa nyekundu. Watalii wana mlango wao na tiketi ya euro 25 kwa mtu, nao hupandishwa roshani ya juu. Chini ni kwa wanaoswali. Baba Watoto akajipanga kwenye foleni. Mama mkwe akaitazama foleni ile, akasikia adhana. "Nyie kaangalieni," akasema, "mimi naenda kuswali." Akatengeneza mtandio, akauendea mlango wa waumini, akamsalimu mlinzi kwa salamu ndefu isiyo na haraka, akaingia bure.

Sisi tukalipa, tukapanda. Baba Watoto alikuwa anatuonyesha kuba lenye upana wa mita zipatazo 31, na picha za kale za Kikristo ukutani, mkubwa wetu alipouliza, "Yule si bibi?" Chini kwenye zulia la kijani, bibi alikuwa ameshaswali, amenyoosha miguu, anazungumza na wanawake wawili wa Kituruki, sijui kwa lugha gani, na wamempa tende. Alipotuona akatupungia mkono, akatuashiria tushuke. Baba Watoto akawa anazigeuza euro kuwa shilingi. Najua, kwa sababu midomo yake ilikuwa inacheza.

Soko Kuu, lile lililoezekwa, lenye maduka yapatayo 4,000, alilipangia Jumapili ili tukute watu wachache. Hatukukuta hata mmoja; Jumapili halifunguliwi. Tukapiga picha na lango.

Kesho yake nikaipeleka familia Laleli, ambako hakukuwa na rangi yoyote kwenye ratiba. Kwa maoni yangu, anayetaka kuujua uhusiano wa Tanzania na Uturuki aachane na makasri aende huko. Ni mitaa ya maduka ya nguo za jumla, na ndiko linakotoka lile gauni ambalo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, unaapiwa kuwa ni la Uturuki, si la China. Niliona la kijani, nikauliza bei. Muuzaji akanitolea pakiti nzima, kuanzia saizi 38 hadi 46. Moja moja hauzi. Nyuma yangu nikasikia, "Dada, hilo utalikuta Kariakoo, usijisumbue."

Alikuwa mfanyabiashara mwenzetu, amezungukwa na marobota. Mama mkwe akamuuliza kwao wapi. Pangani. Haukupita muda, shangazi wa mama mkwe akawa ameolewa kwa kina mjomba wa huyu dada, tukawa ndugu. Ndugu akauliza lile swali ambalo Mtanzania aliye ugenini humuuliza mwenzake: "Mmebakiwa na kilo ngapi?"

Mimi nilikohoa. Baba Watoto akatazama dari. Mama mkwe akajibu, "Nyingi tu."

Pakiti nne. Usiku ule Baba Watoto alizifungua zote kitandani, akapapasa kila mshono. Hapo simcheki, mzigo wa mtu ni mzigo wa mtu, hata kama shangazi ameolewa kwao.

Uwanja wa ndege mizani ikatukataa. Koti la zimamoto likavaliwa juu ya koti jingine, na mama mkwe akaambiwa achague kati ya magauni ya ndugu na sufuria yake mpya ya shaba. Akachagua vyote viwili. Sufuria ilisafiri kwapani hadi Dar es Salaam.

Tulitua usiku wa manane. Saa za Uturuki na za kwetu ni zile zile, kwa hiyo hata uchovu wa kubadili saa hatukuwa nao wa kusingizia. Afisa wa forodha, kijana mwenye adabu, akampa mama shikamoo, akafungua sanduku, akaanza kuyapanga mezani. Akafika la 46, akaanza tena 38.

"Mama, haya yote ni yako?"

Baba Watoto akafungua mdomo aseme ukweli. Mama mkwe akamwahi. "Mwanangu, mwili wa mtu hupanda na kushuka."

Kijana aliinama, mabega yakimtikisika. Ushuru tulilipa hata hivyo.

Ndugu wa Pangani alikuja wiki iliyofuata, akarudisha hela yote, akamzawadia mama mkwe gauni la kijani, saizi 42. Likambana kwapani. Mama mkwe akalirudia robota mwenyewe, akalichomoa la 46, akasema hili litamfaa, na lile la 42 akanikabidhi mimi. Dada wa watu akaitazama pakiti yake yenye mapengo mawili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini tunasafiri tena lini.